Wagombea usherifu mbele ya wapigakura: tathmini ya VOTE411 na midahalo ya League of Women Voters

Miongoni mwetu wazungumzaji wa Kiswahili tuliokwisha kula kiapo cha uraia wa Marekani, kura ya sherifu wa kaunti ni mojawapo ya zile tunazozipiga kwa kubahatisha. Rais tunamjua, gavana tunamsikia kwenye habari, hata anayegombea bunge la jimbo hufika kanisani au msikitini wakati wa kampeni. Sherifu ni mtu ambaye askari wake ndio watakaokuja na amri ya mahakama ya kukutoa nyumbani ukishindwa kulipa kodi ya pango, na katika majimbo mengi ndiye mwenye funguo za jela ya kaunti, lakini huchaguliwa na watu wengi ambao hawajamsikia hata mara moja akieleza kwa nini anaitaka kazi hiyo. Tathmini hii inahusu huduma ya bure inayojaribu kuliziba pengo hilo, yaani tovuti ya VOTE411 pamoja na midahalo ya wagombea inayoandaliwa na shirika lilelile linaloiendesha, League of Women Voters. Nimeitumia kwa ajili yangu na kwa ajili ya wazee wa jumuiya yetu wasiosoma Kiingereza, na hapa ninaangalia jambo moja tu: inavyowafanya wagombea usherifu waeleze sifa zao na vipaumbele vyao.

League of Women Voters ilianzishwa mwaka 1920, mwaka uleule ambao marekebisho ya 19 ya katiba yaliharamisha kumnyima raia wa Marekani kura kwa sababu ya jinsia yake, na kanuni yake ni kuwaelimisha wapigakura bila kumpigia debe mgombea wala chama chochote cha siasa. VOTE411 ilifunguliwa mwaka 2006. Mtumiaji huandika anwani ya nyumba anayoishi, na tovuti humwonyesha nafasi zitakazogombewa katika eneo lake. Akiichagua nafasi ya sherifu, anaweza kuwaweka wagombea wawili ubavu kwa ubavu na kusoma majibu yao kwa maswali yaleyale. Majibu hayo huletwa na wagombea wenyewe na huchapishwa kama yalivyoletwa, bila mhariri kuyapamba wala kuyapunguza makali. Kwa mtu aliyechoshwa na vipeperushi vinavyojaa kwenye sanduku la barua, vyenye picha ya mgombea akiwa amevaa sare na kumkumbatia mbwa wake, kuyaona majibu ya washindani wawili katika ukurasa mmoja ni nafuu kubwa.

Ili thamani ya huduma hii ieleweke, ni lazima kwanza uzito wa cheo chenyewe ueleweke. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na katika majimbo mengi kila moja ina sherifu anayechaguliwa na wananchi, kwa kawaida kwa muhula wa miaka minne, ingawa New Hampshire humpa miaka miwili na Massachusetts miaka sita. Mkuu wa polisi wa jiji kwa kawaida huteuliwa, na akivurunda mara nyingi meya au meneja wa jiji anaweza kumwondoa. Sherifu hana bosi wa namna hiyo, kwa kuwa aliyempa kazi ni mpigakura, na katika maeneo mengi hakuna mwenye njia rahisi ya kumwondoa kabla ya uchaguzi unaofuata. Wakazi wa kaunti ya Los Angeles, yenye watu wapatao milioni 10, waliliona hilo vizuri. Mwaka 2022 walimwangusha sherifu aliyekuwa madarakani, Alex Villanueva, wakamchagua Robert Luna, aliyewahi kuwa mkuu wa polisi wa Long Beach, na katika uchaguzi huohuo wakapitisha pendekezo linaloiruhusu bodi ya wasimamizi wa kaunti, yenye wajumbe watano, kumwondoa sherifu kwa sababu maalumu endapo wanne kati yao watakubaliana. Kama kumwondoa sherifu kungekuwa jambo jepesi, wasingehitaji kuibadilisha sheria mama ya kaunti yao.

Kwa hiyo kura ya sherifu ni kama usaili wa kazi, na sisi wapigakura ndio waajiri. Swali langu la kwanza kuhusu huduma yoyote ya aina hii ni hili: je, inatupatia majibu ambayo mwajiri makini angeyataka?

Kwenye suala la sifa, VOTE411 inafanya vizuri, hasa kwa sababu sheria yenyewe mara nyingi haitoshi kumchuja mtu. Masharti ya kugombea usherifu hutofautiana mno kati ya jimbo na jimbo. California, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, imedai mgombea awe na cheti cha juu cha mafunzo ya upolisi au mchanganyiko maalumu wa elimu na uzoefu wa kazi hiyo. North Carolina, kwa upande wake, ilisubiri hadi mwaka 2010 ndipo wapigakura wakaweka katika katiba ya jimbo kwamba mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai hawezi kuwa sherifu. Yako majimbo ambayo masharti yake hayazidi umri, ukaazi na haki ya kupiga kura. Katika maeneo kama hayo, maelezo ya mgombea kuhusu alikofanya kazi na alichokisimamia ndiyo karibu chujio pekee lililobaki.

Hata hivyo ni lazima msomaji ajue namna ya kuyasoma maelezo hayo. Jibu linalojitokeza mara nyingi ni lile linalotaja miaka ya utumishi: ishirini na mitano, thelathini, kuanzia askari wa doria hadi cheo cha juu. Miaka ni kitu cha heshima, lakini haielezi mtu aliifanyia nini. Aliyekuwa doria miaka yote hajui lazima namna ya kuendesha jela yenye mamia ya mahabusu, wauguzi, wapishi na walinzi wanaoacha kazi kila mwezi. Na aliyekuwa msimamizi wa jela huenda hajawahi kuongoza upelelezi wa mauaji. Ninapowasomea wazee wetu majibu haya, huwa natafuta vitenzi. Mgombea aliyeandika kwamba aliandaa bajeti ya idara, alibadilisha utaratibu wa kuwapokea mahabusu wagonjwa, au alianzisha mafunzo fulani, amenipa kitu ninachoweza kwenda kukihakiki katika gazeti la mji au kumbukumbu za vikao vya kaunti. Aliyeandika kwamba anaamini katika uadilifu, uwazi na ushirikiano na jamii hajanipa kitu, kwa sababu hakuna mpinzani wake atakayeandika kinyume chake.

Hapa ndipo kasoro ya kwanza ya huduma inapoonekana. VOTE411 haihakiki ukweli wa majibu. Ninaielewa sababu yake, maana shirika likianza kumsahihisha mgombea mmoja, mwingine atalalamika kwamba limeegemea upande, na uaminifu wake wote utaporomoka; lakini matokeo yake ni kwamba sentensi ya kweli na sentensi iliyotiwa chumvi hupewa nafasi sawa na herufi za ukubwa uleule. Aidha, urefu wa jibu una kikomo, na mgombea mwenye mpango wa kweli wa kupunguza vifo vya mahabusu hulazimika kuubana katika nafasi ileile anayoitumia mwenzake kuandika kauli za kampeni. Kikomo hicho humuumiza zaidi mwenye mambo ya kusema.

Upande wa vipaumbele ndio uliojaa mambo. Katika kaunti nyingi jela ndiyo sehemu nzito ya kazi ya sherifu, nayo ndiyo sehemu ambayo wagombea wengi hupenda kuipita haraka. Walio katika jela za kaunti, kinyume na wanavyodhani wengi wetu, kwa sehemu kubwa hawajahukumiwa. Wanasubiri kesi, na baadhi yao wanasubiri tu kwa sababu ndugu zao hawana fedha ya dhamana. Wamo wagonjwa wa akili, wamo waliotoka kutumia dawa za kulevya ambao siku zao za kwanza ndani ni za hatari, na matibabu yao mara nyingi yako mikononi mwa kampuni binafsi iliyopewa mkataba na kaunti. Mzee mmoja wetu, mtu wa Bukavu aliyekuwa mwalimu kabla ya vita, aliniuliza baada ya kumsomea majibu ya wagombea wote: "Mwanangu, huyu anaomba apewe jela. Mbona hajasema lolote juu ya watu waliomo jelani?" Nikamjibu, "Kweli, mzee, hajagusa." Akaomba nimrudie majibu ya yule mwingine, aliyeeleza kwamba atahakikisha kila anayeingizwa anapimwa na muuguzi kabla ya kufungiwa. Kura yake aliiamua papo hapo, kwa hoja ambayo hakuna kipeperushi kilichokuwa kimeitaja.

Lakini si kila mahali sherifu ana jela, na jambo hili wapigakura wapya wanapaswa kulishika sana, kwa sababu cheo kinabaki na jina lilelile huku kazi ikibadilika mpakani. Huko Kentucky, ambako Wakongo wengi wamepewa makazi katika miji kama Louisville na Bowling Green, sherifu hukusanya kodi ya majengo na ardhi na kuitumikia mahakama, ilhali katiba ya jimbo inaweka cheo tofauti cha mkuu wa jela, anayepigiwa kura yake peke yake. Na Louisville kwenyewe jela iko chini ya serikali ya jiji. Massachusetts ni kinyume chake, kwani huko masherifu kazi yao kuu ni kuendesha jela na magereza ya kaunti, na doria za barabarani huachiwa polisi wa miji na wa jimbo. Pennsylvania sherifu huwa zaidi mtu wa mahakama: analinda majengo, anasafirisha mahabusu, anatekeleza hati na kutoa vibali vya kubeba silaha. Connecticut ilikwisha kukifuta cheo hicho mwaka 2000. Anayehama kutoka jimbo moja kwenda jingine, kama wafanyavyo ndugu zetu wengi wakifuata kazi za viwandani, hawezi kuhamisha maswali yake bila kuyapima upya.

Kwa sababu hiyo, ubora wa VOTE411 hautoki makao makuu bali kwa wanachama wa kujitolea katika kila kaunti, kwa kuwa matawi ya mahali ndiyo yanayotunga maswali mengi ya nafasi za mahali na kuwafuatilia wagombea wajibu. Tawi linaloijua kaunti yake huuliza mambo yenye mashiko: idadi ya nafasi za walinzi zilizo wazi na mpango wa kuzijaza, kamera za mwilini na nani ana haki ya kuona picha zake, magari ya doria yanachukua muda gani kufika vijijini, ushirikiano na maofisa wa uhamiaji. Mahali pasipo na tawi, au palipo na tawi dogo lililoelemewa, ukurasa wa sherifu unaweza kuwa na majina matupu. Kaunti za vijijini ndizo zinazopungukiwa zaidi, na huko ndiko sherifu mara nyingi anakuwa polisi pekee aliye karibu. Ninalisema hili kwa masikitiko, si kwa lawama, kwani watu hawa hawalipwi.

Halafu kuna kisanduku kitupu. Mgombea akialikwa asijibu, tovuti huonyesha kwamba hakujibu. Mwanzoni mtu anaweza kudhani ni upungufu wa huduma, lakini mimi nakihesabu kisanduku hicho kuwa miongoni mwa taarifa zake muhimu. Zipo sababu halali za kutojibu: barua pepe imepotea, mgombea hana msaidizi, au ameamua kutumia nguvu zake kupiga hodi mlango kwa mlango. Hata hivyo sherifu aliyeko madarakani, mwenye ofisi, msemaji na makatibu, anapoacha wazi swali la vifo vya mahabusu huku mpinzani wake asiye na kitu amelijibu, msomaji ana haki ya kulipima jambo hilo. Inauma zaidi pale sherifu anapogombea bila mpinzani, jambo linalotokea mara nyingi katika nafasi hii. Hapo hana hata sababu ya kufungua barua ya mwaliko, na miaka minne mingine hupita bila yeye kutamka mbele ya watu atafanya nini.

Midahalo ya ana kwa ana ni sehemu ya pili ya huduma, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi kwa nafasi ya sherifu, kwa kuwa mtu anayetaka kuongoza watu wenye silaha inafaa aonekane anavyokaa akiulizwa jambo asilolipenda. League ina historia ndefu katika hili. Ndiyo iliyodhamini midahalo ya wagombea urais mwaka 1976, 1980 na 1984, ikajitoa mwaka 1988 pale timu za wagombea zilipokwisha kupatana kwa siri juu ya masharti ya nani ataruhusiwa kuuliza na ukumbi utapangwaje. Kumbukumbu hiyo inanipa imani kwamba hata katika ukumbi wa maktaba wa kaunti ndogo, kanuni hazitungwi na mgombea mwenye nguvu.

Utaratibu wake ni mwepesi kueleweka hata kwa mtu ambaye hajawahi kuhudhuria. Unapewa kadi tupu mlangoni, unaandika swali lako, na watu wa kujitolea wanayapanga maswali, wanaunganisha yanayofanana na kuyaweka kando yale yanayomshambulia mtu binafsi. Mwendesha mdahalo huyasoma. Mstari wa mbele hukaa mtunza muda na kadi zake, ya njano kuonyesha kwamba muda unakaribia kwisha, nyekundu kuonyesha kwamba umekwisha, na wagombea wote hupata muda ule ule, awe sherifu wa miaka mingi au askari aliyestaafu anayejaribu kwa mara ya kwanza. Kwa wazee wetu, usawa huo wa muda ni kitu cha kuvutia sana. Wengi wao wametoka mahali ambapo mkubwa huongea mpaka achoke.

Udhaifu wa midahalo ya namna hii, yeyote aliyeiandaa, ni kukosekana kwa swali la nyongeza. Katika mdahalo mmoja ulioandaliwa na kikundi cha wenyeji katika kaunti ambayo sitaitaja, mgombea aliulizwa kuhusu kijana aliyefariki akiwa mahabusu. Akavua miwani, akaifuta, akasema kwamba uchunguzi ungali unaendelea na kwamba anaipa pole familia, kisha akayatumia maneno yaliyobaki kueleza upungufu wa walinzi. Kadi nyekundu ikainuliwa, mwendesha mdahalo akashukuru na kusoma swali linalofuata, ambalo lilihusu magari mapya. Hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza ni lini uchunguzi ulianza, wala iwapo matokeo yake yatatolewa hadharani. Usaili wowote wa kazi ungesimama hapo kwa dakika kadhaa. Ningependa waandaaji watenge walau maswali mawili yenye haki ya kufuatiliwa, na wayaelekeze jelani.

Suala la uhamiaji linastahili nafasi yake, kwa kuwa ndilo ambalo wasomaji wa jumuiya yetu huniuliza kwanza, na ndilo ambalo ahadi za wagombea huwa na madoido mengi. Kifungu cha 287(g) cha sheria ya uhamiaji, kilichoongezwa mwaka 1996, kinaruhusu idara ya sherifu kuingia mkataba na serikali kuu ili askari wake wafanye baadhi ya kazi za maofisa wa uhamiaji. Kujiunga au kutojiunga kumekuwa kwa muda mrefu, katika majimbo mengi, uamuzi wa sherifu, na kwa hiyo wa wapigakura wake. Katika kaunti ya Mecklenburg, uliko mji wa Charlotte, Garry McFadden aliahidi kuuvunja mkataba huo, akamshinda sherifu aliyekuwepo mwaka 2018, akauvunja mara alipoapishwa mwezi Desemba. Katika kaunti za Gwinnett na Cobb, jirani na Atlanta, washindi wa uchaguzi wa 2020 walifanya vivyo hivyo mwanzoni mwa 2021. Hiyo ni mifano ya kipaumbele kilichotajwa wakati wa kampeni kikawa kitendo ndani ya wiki chache baada ya kuapishwa.

Lakini mwaka 2024 bunge la North Carolina lilipitisha, kwa kuipindua kura ya turufu ya gavana, sheria inayowalazimisha masherifu wa jimbo hilo kushirikiana na maofisa wa uhamiaji pale wanapoombwa kumshikilia mtu. Tangu hapo mgombea wa North Carolina anayeahidi kutoshirikiana kabisa anaahidi asichoweza kukitimiza kisheria. Maswali mazuri ya VOTE411 ni yale yanayomtaka mgombea aseme sheria ya jimbo inamruhusu nini na atafanya nini ndani ya mipaka hiyo. Swali linalouliza tu "una msimamo gani kuhusu uhamiaji" humpa nafasi ya kutoa hotuba.

Na gharama ya kutouliza mapema ni kubwa. Kaunti ya Maricopa huko Arizona, wanakoishi pia Wakongo na Warundi wengi wa eneo la Phoenix, ilimchagua Joe Arpaio mara sita, akawa sherifu kuanzia 1993 hadi alipoangushwa na Paul Penzone katika uchaguzi wa 2016. Mwaka 2013 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba idara yake iliwabagua madereva wenye asili ya Amerika ya Kusini na Kati, na usimamizi wa mahakama uliotokana na hukumu hiyo ukaendelea kuigharimu kaunti miaka mingi baada ya yeye kuondoka. Fedha hizo zilitoka kwa walipa kodi, wakiwemo waliompinga.

Jambo jingine ambalo huduma hii hulifanya vyema, na ambalo sisi hulipoteza, ni wakati. McFadden, niliyemtaja hapo juu, alimshinda sherifu aliyekuwepo katika uchaguzi wa mchujo wa chama cha Democratic mwezi Mei, na Novemba hakuwa na mpinzani. Aliyesubiri Novemba alikuta mambo yamekwisha. VOTE411 huchapisha majibu ya wagombea kabla ya mchujo pia, pale ambapo tawi limefanya kazi yake, na ninawasihi wasomaji waiangalie tovuti mapema katika mwaka wa uchaguzi wao badala ya kungoja msimu wa matangazo.

Nikiilinganisha na huduma nyingine: kijitabu cha wapigakura kinachotumwa nyumbani katika jimbo la Washington kinampanga kila mgombea chini ya vichwa vilevile, yaani nyadhifa za kuchaguliwa, uzoefu wa kazi, elimu na huduma kwa jamii, kisha tamko lake, na kwa upande wa sifa ninakiona kimepangika kuliko VOTE411, lakini tamko ni la mgombea mwenyewe bila kuulizwa lolote, naye huandika anachotaka. Katika kijitabu cha kaunti cha California, tamko la mgombea wa nafasi za mahali lina maneno 200 kwa kawaida, na kwa kawaida mgombea hulilipia, kwa hiyo asiye na fedha anaweza kukosekana humo hata kama ana sifa. Ballotpedia, tovuti ya taarifa za uchaguzi, ni nzuri kwa historia ya matokeo na ina dodoso lake kwa wagombea, ila kwa nafasi za kaunti nguvu yake iko zaidi kwenye maeneo ya miji mikubwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayowauliza wagombea wawili wa usherifu wa kaunti moja maswali yaliyotungwa na majirani zao, na hapo ndipo VOTE411 inapozizidi zote.

Kwa upande wa lugha, huduma inapatikana kwa Kiingereza na Kihispania. Kiswahili hakimo, na sheria hailazimishi kiwemo popote: kifungu cha 203 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, kilichoongezwa mwaka 1975, kinawahusu wasemaji wa Kihispania, wa lugha za Asia, na wa lugha za wenyeji wa asili wa Amerika na Alaska. Lugha za Afrika hazikuorodheshwa. Kwa hiyo kazi ya kuwasomea wazee majibu ya wagombea imebaki mikononi mwa watoto na wajukuu, na ninaona vikundi vya makanisa, misikiti na jumuiya vinaweza kuifanya kwa utaratibu zaidi: kuketi jioni moja, kusoma majibu ya kila mgombea kwa ukamilifu, bila kuruka yale ya mgombea ambaye msomaji hampendi. Kipo pia kifungu cha 208, kilichoongezwa mwaka 1982, ambacho kinamruhusu mpigakura anayehitaji msaada kwa sababu ya upofu, ulemavu au kutojua kusoma na kuandika kuingia na mtu anayemchagua mwenyewe, mradi mtu huyo asiwe mwajiri wake au wakala wa mwajiri huyo, wala ofisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Mama asiyeweza kusoma karatasi ya kura ya Kiingereza anaweza kuingia na binti yake.

Tahadhari moja kwa wageni: tovuti hiyohiyo ina sehemu ya kujiandikisha kupiga kura. Asiye raia asiiguse, hata kama ana kadi ya kijani na analipa kodi, kwa sababu kujiandikisha kimakosa kunaweza kuharibu kesi yake ya uhamiaji. Kusoma majibu ya wagombea, kwa upande mwingine, hakujakatazwa kwa mtu yeyote, na midahalo mingi iko wazi kwa umma.

Ninaipa VOTE411 alama nne kati ya tano kwa mpigakura wa kaunti yenye tawi hai la League, na mbili kwa wa kaunti isiyo nalo. Anayeweza kuhudhuria mdahalo ahudhurie, na asiyeweza aulize iwapo utarekodiwa. Tawi la kaunti yako likialika maswali ya umma kabla ya kuwaandikia wagombea, peleka lako kwa maneno machache na kwa jambo moja tu: kwa mfano, mtu akiletwa jelani usiku wa manane akiwa mgonjwa na asijue Kiingereza, nani atamhoji, kwa lugha gani, na ndani ya saa ngapi.